Mama Aliyeomba Zamu ya Usiku



Kamati ya wanawake ya tawi letu imezoea kupokea mashtaka ya aina tatu au nne. Kilo zimepunjwa kwenye mizani. Nyapara amemtukana mchumaji mbele ya wenzake. Mama mjamzito amepangiwa mlima mkali. Mashtaka hayo tunaijua njia yake: yanaandikwa, yanapewa mwakilishi, naye anayafikisha ofisini. Lakini katika mwaka 2024 alikuja mama mmoja mchuma chai akiwa na ombi lililotushangaza. Alitaka kuondolewa shambani na kupelekwa kiwandani, upande wa kufungasha chai, katika zamu ya usiku.

Zamu ya usiku, kama mjuavyo, watu huiomba watoke, hakuna aombaye kuingia. Mama huyu ana watoto watatu, na wa mwisho alikuwa bado hajaacha ziwa. Tukamwuliza kama ni kwa sababu ya pesa. Akasema pesa ni zile zile. Tukamwuliza kama nyapara wa shambani anamsumbua. Akasema la. Tulipozidi kumwuliza aliinamisha kichwa, akasema hivi: "Nataka tu kuwa ninalala mchana, wakati yeye hayupo."

Basi tukaelewa kwamba shauri hili halikutoka shambani wala kiwandani. Lilitoka chumbani.

Wako watakaosema kwamba mambo ya chumbani hayafai kuandikwa katika jarida la chama cha wafanyakazi. Sisi tunajibu kwamba mama huyu alikuwa tayari kuharibu usingizi wake, kumwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, na kupoteza kazi aliyoizoea kwa miaka mingi, ili tu asikutane na mume wake kitandani. Jambo linalomfanya mfanyakazi abadili zamu ni jambo la wafanyakazi. Tena si yeye peke yake. Tangu siku hiyo tumeongea na wenzetu wengi, nasi tumeona kwamba wanawake wengi huuficha mzigo huu chini ya kikapu cha majani.

Habari hii tunaiandika kwa idhini ya mama huyo na ya bwana wake. Majina yao hatuyataji, na baadhi ya mambo ambayo yangewatambulisha tumeyaacha.

MAMBO YALIVYOKUWA NYUMBANI

Watu hawa wawili wameoana kwa mila, na mahari ililipwa. Kwa miaka kadhaa wote walikuwa wachumaji katika shamba moja. Kisha zikaja mashine za kuchumia chai. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, na bwana huyo alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Tangu hapo akawa mtu wa vibarua: leo anapasua kuni, kesho anachimba mtaro, kesho kutwa hana kitu. Mshahara uliolisha nyumba ukawa ni wa mama.

Wakati huo huo mama akajifungua mtoto wa tatu. Alichanika katika kuzaa, akashonwa. Likizo ya uzazi ilipokwisha alirudi shambani. Nyumbani nako bwana alimrudia kama mke wake. Ndipo mama akaona kwamba kila wakikutana anapata maumivu makali, kama mtu anayekatwa. Hakumwambia mumewe. Katika malezi yake, mwanamke anayesema habari za kitandani ni mwanamke asiye na haya. Alidhani labda ndivyo ilivyo kwa kila mwanamke aliyezaa mara tatu.

Akaanza kukwepa. Alimlaza mtoto katikati. Alikaa akiosha vyombo hadi aliposikia mwenziwe akikoroma. Alisema amechoka, na hilo halikuwa uongo, maana aliamka kabla ya alfajiri kupika na kuteka maji, akachuma hadi jioni, kisha akarudi kupika tena. Lakini kuna usiku mwingine alikubali bila kutaka, kwa kuogopa ugomvi utasikika. Nyumba zetu za laini mwazijua. Chumba ni kimoja, watoto wako nyuma ya pazia, na jirani yuko upande wa pili wa ukuta mwembamba.

Bwana naye alikuwa na hesabu yake. Alisema moyoni: "Tangu nipoteze kazi, mke wangu amenikataa. Sasa yeye ndiye mwenye mshahara, mimi ni mtu wa kulishwa." Hakuuliza. Maumivu ya mwili wa mkewe aliyasoma kama dharau. Akaanza kwenda kwenye chang'aa, akawa anarudi usiku wa manane akiwa hana maneno. Mama alipoona pesa za unga zinanywewa, siku moja alimwita mbele ya watoto jina ambalo hatutaliandika hapa. Kuanzia siku hiyo waliongea habari za watoto tu.

Mama hakukaa kimya kabisa. Alikwenda kwa mganga, akauziwa dawa ya kuoga. Aliwaendea akina mama wa kanisa, wakamwambia aombe na amtii mumewe. Mama mkwe alimwambia mke hanyimi. Shangazi alimwambia avumilie. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza inauma wapi, wala hakuna aliyekwenda kumwuliza bwana ana nini.

WALIVYOSAIDIWA

Katika hospitali moja ya misheni iliyo karibu nasi yuko muuguzi mwanamke aliyesomea ushauri wa ndoa, naye hufanya kazi pamoja na mwenzake mwanamume. Tulimpeleka mama huko, na baada ya muda bwana naye akakubali kwenda. Hapa tunataka kueleza pole pole mambo waliyofanyiwa, maana wengi wetu tunapolisikia neno "ushauri wa ndoa" tunadhani ni kwenda kukaripiwa na mzee, mmoja apewe haki na mwingine alipe faini. Sivyo.

Kwanza, mama alipimwa. Kovu lake lilikuwa limekaza. Alielezwa pia kwamba mama anayenyonyesha hupungukiwa na ute wa uke, kwa sababu ya mabadiliko ya homoni mwilini, na ukavu huo peke yake waweza kuleta maumivu. Tena mwili uliokwisha kuumizwa hujikinga: misuli ya uke hujikaza yenyewe kabla hata mtu hajaguswa, na kadiri inavyojikaza ndivyo maumivu yanavyozidi. Mwanamke hawezi kuilegeza kwa kuamrishwa. Alipewa dawa ya kupaka, mafuta ya kulainisha, na mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli ya nyonga. Mama huyu aliishi na maumivu hayo karibu mwaka mzima akidhani ni kawaida, na kumbe ni jambo lenye tiba.

Tunaongeza hapa kwamba maumivu ya namna hii yana sababu nyingi. Yako maambukizo, uko uvimbe, na yako makovu ya ukeketaji, ambao sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeukataza. Wanaume nao wana magonjwa yao. Kisukari, shinikizo la damu na pombe nyingi huweza kumpunguzia mwanamume nguvu, naye kwa aibu akaanza kumwepuka mkewe au kumsingizia. Kwa hiyo kituo cha kwanza ni kwa daktari au muuguzi, kabla ya mtu kutafuta wa kulaumiwa.

Pili, kila mmoja alisikilizwa peke yake. Muuguzi alimwuliza mama waziwazi: Je, unamwogopa? Amewahi kukupiga, kukukaba, kukutishia wewe au watoto? Maswali hayo huulizwa faraghani, kwa sababu mwanamke anayepigwa hawezi kusema kweli akiwa amekaa ubavuni mwa anayempiga. Mama alijibu kwamba hajawahi kupigwa wala kutishwa. Ila alizitaja zile usiku alizokubali bila kutaka.

Jambo hilo mshauri mwanamume hakulipita. Kwa idhini ya mama, alimweleza bwana kwamba mwanamke aliyenyamaza hajakubali, na kwamba ndoa haiondoi haki ya mtu juu ya mwili wake. Bwana alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema hakujua. Mshauri akamwambia: "Sasa umejua."

Tatu, ndipo walipoketishwa pamoja, na kanuni ilikuwa moja tu. Mmoja anasema, mwingine hajibu mpaka kwanza arudie alichosikia, na aliyesema akubali kwamba kimerudiwa sawa. Kanuni hii ukiisikia utaiona ya kitoto. Basi sikiliza ilivyokuwa. Mama alisema: "Tangu nizae, tukikutana ninaumia." Bwana alipoambiwa arudie alisema: "Anasema hanitaki kwa sababu sina kazi." Mama akasema: "Sikusema hivyo. Nimesema ninaumia." Bwana akarudia mara ya pili: "Anasema mimi namwumiza makusudi." Mama akakataa tena. Ni mara ya tatu ndipo bwana alipoweza kusema: "Anasema anapata maumivu." Akamgeukia mkewe, akamwuliza: "Tangu lini?"

Swali hilo lilikuwa halijaulizwa nyumbani mwao hata siku moja.

Nne, walipewa agizo lililomfanya bwana acheke. Waliambiwa kwamba kwa majuma kadhaa tendo la ndoa limekatazwa kabisa. Badala yake, mara mbili tatu kwa juma, watoto wakisha kulala, wakae pamoja robo saa au nusu saa, wakandane mabega, mgongo, mikono na miguu kwa zamu, basi, wasiende mbele zaidi ya hapo. Anayekandwa aseme panapopendeza na pasipopendeza. Bwana alisema: "Nimetoa nauli kuja hapa niambiwe nisifanye?" Lakini walitii.

Njia hiyo haikubuniwa na muuguzi wetu. Ilienezwa na watu wawili wa mji wa St. Louis huko Marekani, daktari William Masters na mwenzake Virginia Johnson, waliotoa kitabu chao kuhusu tiba ya mambo haya mwaka 1970. Waliwatibu mke na mume pamoja, mwanamume mshauri na mwanamke mshauri wakiwa wamekaa nao, kwa maana walisema mgonjwa ni ule uhusiano wenyewe, wala si mmoja wa wale wawili. Nao walikuwa binadamu: walioana mwaka 1971 na baadaye wakaachana. Lakini njia yao imebaki, na washauri wa nchi nyingi wanaitumia hata leo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mwanamke anayeogopa maumivu, kila akiguswa bega hujiuliza mkono huu unakwenda wapi, na mwili wake hukaza tangu hapo. Anapojua kwa hakika kwamba leo mkono utaishia begani, hofu huondoka, na mwili hupata nafasi ya kufurahi kuguswa. Mwanamume naye anayeogopa kukataliwa, au anayeogopa kushindwa, hapewi mtihani wowote. Mambo mengine huongezwa hatua kwa hatua, na kila hatua inahitaji ndiyo ya wote wawili. Mama huyu alituambia kwamba usiku wa kwanza miguu yake ilipokandwa, baada ya kushinda mlimani kutwa, alilala usingizi palepale. Bwana alimfunika, akaenda kuosha vyombo.

Tano, waliongea habari za pesa na za kazi za nyumbani. Mshauri aliwauliza kila mmoja ataje saa zake kuanzia kuamka hadi kulala. Ya mama ilijaa karatasi. Ya bwana, siku asizopata kibarua, ilikuwa na nafasi tupu. Hakuna aliyemkaripia. Yeye mwenyewe aliitazama ile karatasi, akasema maji na kuni ataleta yeye, na siku asiyo na kibarua atapika. Mama naye aliambiwa ukweli wake kuhusu lile jina alilomwita mbele ya watoto. Aliomba msamaha, na kwa ombi la bwana akauomba tena nyumbani, watoto wakisikia.

DHARAU HUUA KULIKO UGOMVI

Yuko mtaalamu mwingine wa Marekani, jina lake John Gottman, ambaye kwa miaka mingi alichunguza wenye ndoa katika chuo kikuu mjini Seattle. Aliwaketisha mke na mume waongee jambo wanalogombania, huku vyombo vikipima mapigo ya moyo wao, kisha akafuatilia kwa miaka ni nani wamedumu na nani wameachana. Aliona kwamba ndoa zinazodumu nazo zina ugomvi, na mengi wanayogombania hayaishi kamwe. Hatari kubwa aliiona katika dharau: kumcheka mwenzio, kumbeza, kumwonyesha kwamba wewe u bora kuliko yeye. Hatari nyingine ni kulaumu tabia nzima ya mtu badala ya jambo alilofanya, kujitetea kila neno, na kununa kama ukuta.

Wale waliokaa vizuri, hata katikati ya ugomvi, walikuwa na mambo kama matano mema kwa kila moja baya: neno la upole, mzaha mdogo, kukubali kosa, kugusana mkono. Aliona pia kwamba moyo ukishaanza kwenda mbio mtu hawezi tena kusikiliza. Ushauri wake ni kuachana kwa dakika 20 au zaidi, kila mtu atulie, kisha mrudiane muendelee. Kurudiana ni sharti. Anayetoka akaenda chang'aa hadi usiku wa manane hajaenda kutulia.

Ndugu, sisi wafanyakazi tunajua sana dharau ni nini. Tukidharauliwa na nyapara twaja kushtaki chamani. Je, yule tunayemdharau nyumbani aende kushtaki wapi?

WAZEE WETU WALIKUWA NA NJIA ZAO

Isidhaniwe kwamba elimu ya unyumba ni kitu kilicholetwa na wageni. Kwa Waganda, shangazi wa upande wa baba, ambaye humwita ssenga, ndiye amfundishaye msichana mambo ya ndoa. Pwani ya Waswahili kuna somo na kungwi. Wazee hao hawakuona haya kuutaja mwili kwa jina lake, na katika hilo walitushinda sisi wa siku hizi tunaojifanya wastaarabu. Lakini mafunzo mengi yalikuwa ya upande mmoja: msichana alifundishwa jinsi ya kumpendeza mume, na mume ni nadra kufundishwa jinsi ya kumpendeza mke.

Baraza la wazee nalo lina kazi yake. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaruhusu wenye ndoa ya kimila wapitie usuluhishi wa kimila kabla mahakama haijaamua shauri la kuivunja. Ni jambo jema. Ila baraza huuliza nani amekosa, na mshauri huuliza kinachotokea kati yenu ni nini. Mama wetu angepelekwa barazani angepatikana na kosa la kunyima unyumba, na kovu lake lingebaki vilevile.

PASIPOFAA KUKAA WAWILI

Sasa tunasema jambo ambalo tunaomba lisomwe mara mbili. Palipo na kipigo, vitisho au kulazimishwa kwa nguvu, kuwaketisha mke na mume pamoja si dawa. Mwanamke akisema kweli mbele ya mshauri, ataadhibiwa wakifika nyumbani. Hapo linalotangulia ni usalama wake na wa watoto.

Mama mwingine alitujia baada ya kusikia habari za yule wa kwanza, akitaka naye apelekwe na mumewe kwa muuguzi yule. Shingo yake ilikuwa na alama za vidole. Muuguzi alimsikiliza peke yake na akakataa kumwita bwana. Badala ya hapo mama alitibiwa, majeraha yakaandikwa, akasaidiwa kufika polisi na mahakamani. Leo anaishi kwa dada yake pamoja na watoto. Ndoa hiyo haikupona, na sisi hatusikitiki.

Yafaa kila mwanachama ajue kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani inauhesabu ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa ni ukatili. Inahesabu pia vitisho na kumnyima mtu riziki. Mahakama inaweza kutoa amri ya kumkinga aliyedhulumiwa. Namba 1195 hupigwa bure kuomba msaada. Na aliyelazimishwa akimbilie hospitali upesi, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi.

KAZI YA CHAMA NI IPI?

Chama hakiwezi kuingia chumbani mwa mtu. Lakini mengi yanayovunja vyumba hivyo yametoka nje, nayo yako mikononi mwetu.

Nyumba ya chumba kimoja kwa watu watano ni jambo la mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Mke na mume wasio na mahali pa kuongea bila watoto kusikia wataongea lini? Tuombe vyumba viwili, na tusiache kuomba.

Likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na majuma mawili ya baba, zimo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Akina baba wengi hawaziombi zile zao, au wakizichukua huzimalizia kwenye vibarua. Majuma hayo mawili ndiyo wakati mama ameshonwa na hawezi kubeba ndoo.

Ruhusa ya kwenda kliniki baada ya kuzaa isihesabiwe kuwa utoro. Mama wetu alikosa kliniki mara mbili kwa kuogopa kukatwa siku. Angekwenda, kovu lingeonekana mapema.

Tena, mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Pendekezo namba 206 linalofuatana nao linataja hatua za kuwasaidia wafanyakazi wanaopatwa na ukatili wa nyumbani: kupewa likizo, kubadilishiwa saa za kazi, na kulindwa wasifukuzwe. Jirani zetu wa Uganda waliuridhia mkataba huo mwaka 2023. Maneno hayo wawakilishi wetu wayabebe wanapokwenda kwenye meza ya mazungumzo.

Na wanaopunguzwa kazi kwa ajili ya mashine wasiachwe kama maganda. Tunapodai fidia na mafunzo ya kazi nyingine, tukumbuke kwamba tunadai pia amani ya nyumba zao.

NENO KWA AKINA BABA NA AKINA MAMA

Ndugu wanaume, mke wako akikukwepa usianze kwa hesabu ya mshahara wala ya mwanamume mwingine. Muulize kama anaumia. Muulize mchana, bila ya hasira, na bila ya kutaka lolote baada ya jibu. Kisha chukua ndoo.

Ndugu wanawake, maumivu si adabu ya ndoa. Yasemeni kwa muuguzi, na pasipo na hofu ya kudhuriwa, yasemeni kwa waume zenu. Anayesema "vumilia" bila kuuliza unavumilia nini hajakusaidia.

Mtatuuliza wale wawili wamefikia wapi. Hawajawa malaika. Ada za shule bado zinawagombanisha kila muhula, na bwana bado hajapata kazi ya kudumu. Chang'aa ameipunguza lakini hajaiacha. Mtoto wa mwisho sasa analala na ndugu zake nyuma ya pazia. Mama angali mlimani pamoja nasi, zamu ya mchana. Ombi lake la zamu ya usiku tuliliweka katika faili la kamati, na limo humo hadi leo. Hajaja kuliulizia.

Kamati ya wanawake hukaa Jumamosi baada ya kupima majani. Mwenye shida asimame tu karibu na mlango. Hatutamwuliza mbele ya watu.